Gari Likitetemeka Kindu, Usiwahi Kuilaumu Barabara

Gari likitetemeka Kindu, mshitakiwa wa kwanza ni barabara. Pikapu inarudi mjini kutoka upande wa Kibombo, imebeba magunia ya mchele na madumu ya mawese, na juu ya mzigo wamekaa abiria. Ikifika kipande kilichonyooka dereva anaongeza mafuta, mshale wa kasi unapanda, na mara usukani unaanza kucheza mikononi mwake. Aliyekaa pembeni anauliza kulikoni. Jibu liko tayari mdomoni: “Papa, ni barabara tu hiyo.” Safari inaendelea.

Ni vigumu kumlaumu dereva kwa jibu hilo. Maniema, mkoa wa Kongo ulipo mji wa Kindu, ni nchi ya msitu na mvua. Barabara zake nyingi ni za udongo. Mvua ikinyesha udongo unakuwa tope, na tope likikauka yanabaki makorongo. Anayekwenda Kalima anaanza kwa kuvuka mto Lualaba kwa kivuko hadi Alunguli, na akishuka tu ng'ambo mashimo yanamsubiri. Gari likitikiswa na ardhi kutwa nzima, nani atatambua kwamba sehemu ya mtikisiko ule inatoka ndani ya gari lenyewe?

Hasara inaanzia hapo. Kilicholegea hakisikiki, na siku kinaposikika kimeshaharibu cha jirani yake. Beringi iliyopaswa kukazwa inakula habu, krosi iliyopaswa kutiwa grisi inavunja kardani, shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, njiani, na tairi lililopaswa kuvuliwa linapasuka likiwa na watu juu. Halafu gari linafikishwa gereji, na kwa kuwa hakuna anayejua ugonjwa uko wapi, vipuri vinabadilishwa kimoja baada ya kingine mpaka kitakapopatikana chenye kosa. Mwenye gari analipia vyote.

Mtetemo unaokuja gari likifika kasi fulani una utaratibu wake, nao unasomeka. Anayejua kuusoma anaweza kupunguza orodha ya watuhumiwa kutoka kumi hadi wawili kabla hajashika spana. Katika mji ambao kipuri huweza kuchukua wiki kadhaa kufika, usomaji huo una thamani kuliko kipuri chenyewe.

Ardhi au chuma?

Swali la kwanza ni lile ambalo dereva amelijibu haraka mno: anayetikisa ni nani, ardhi au gari?

Barabara za udongo na changarawe hujitengenezea matuta madogo ya mfululizo, yaliyopangana kwa umbali unaokaribiana. Mwaka 1963 mwanafizikia Keith Mather alieleza katika jarida la Scientific American jinsi magurudumu yenyewe yanavyoyajenga: gurudumu linaruka kidogo, linatua, linasukuma udongo, na linalofuata linarukia palepale. Mwaka 2007 watafiti watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walionyesha maabara kwamba matuta hayo hujitokeza mara tu kasi inapopita kiwango fulani, hata gurudumu likiwa halina springi. Kwa hiyo kila gari linalopita linachangia kuyajenga, na greda ikiyafuta yanarudi.

Tuseme matuta yamepishana kwa sentimita 75. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa litayapiga karibu mara 15 kila sekunde. Huo ni mtetemo mkali, na unafanana sana na ule wa gurudumu lenye kasoro. Kuitenganisha mitetemo hiyo miwili si kazi ngumu. Shikilia kasi ileile, kisha hama mstari: kama ulikuwa katikati ya barabara, nenda pembeni, na kama ulikuwa kwenye mapito ya magurudumu, panda juu yake. Mtetemo wa ardhi utabadilika papo hapo, kwa sababu umebadilisha ardhi. Mtetemo wa gari utakufuata kama ulivyo, kwa sababu gurudumu bado linazunguka kwa kasi ileile. Rudia kwenye kipande kilicholainika, hata kiwe kifupi. Kama mtikisiko unatokea kila ufikapo kilomita 65 na unapungua kila ushukapo 50, barabara iachiwe huru. Mwenye kesi ni gari.

Gari la Kindu linaweza kuficha ugonjwa kwa muda mrefu kwa sababu maisha yake yote ni kilomita 30 au 40 kwa saa. Siku limepelekwa mji mwingine na kukuta lami, dereva anakanyaga hadi 80 na kushangaa. Anadhani limeharibika safarini, kumbe limesafiri na ugonjwa wake kutoka nyumbani.

Maswali kabla ya spana

Fundi mzuri huomba kuendesha au kukaa pembeni ya dereva kabla ya kufungua boneti. Huko barabarani anatafuta majibu ya maswali machache.

Unausikia wapi? Usukani ukitikisika, anza kwa magurudumu ya mbele na viungo vya usukani. Kama ni kiti na sakafu vinavyotetemeka huku usukani umetulia, geukia nyuma: magurudumu ya nyuma, kardani, difu.

Unafuata kasi ya gari au kasi ya injini? Nenda kilomita 60 kwa gia ya tatu, kisha kilomita 60 hizohizo kwa gia ya nne. Injini imepunguza mizunguko lakini magurudumu hayajabadilika. Mtetemo ukibaki vilevile, injini na klachi havihusiki. Halafu, mahali tambarare pasipo watu wala magari, kanyaga klachi kwenye kasi ile yenye mtetemo na uliache gari liserereke. Ukiendelea, chanzo kiko kwenye vinavyozungushwa na magurudumu. Ukikatika mara moja, tazama mauntini za injini, klachi, au krosi inayolalamika inapobebeshwa nguvu tu. Mwisho simamisha gari, weka gia huru, na upandishe injini hadi mlio uleule. Ikitetemeka gari likiwa limesimama, magurudumu hayana hatia.

Unakuja ukikanyaga breki tu? Hiyo ni diski iliyopinda au ngoma iliyopoteza mviringo.

Linatetemeka likiwa tupu au likiwa na mzigo? Jibu la swali hili linasema mengi kuhusu kardani, na tutalirudia.

Je, habu za mbele zimefungwa? Katika Land Cruiser nyingi za kazi, zile za mfululizo wa 70 zilizojaa katika misafara ya mashirika na misheni, kila habu ya mbele ina kitasa chenye alama za FREE na LOCK. Msimu wa mvua dereva anakizungusha kwenye LOCK, na mara nyingi anakiacha hapo hadi kiangazi. Matokeo yake kardani ya mbele na difu yake vinazunguka muda wote, hata asipotumia magurudumu manne. Rudisha habu zote mbili kwenye FREE, endesha tena. Mtetemo ukitoweka, umempata mtuhumiwa kwa dakika mbili bila kufungua nati hata moja.

Baada ya maswali hayo inafuata hesabu. Tairi la 7.50R16, ambalo ni la kawaida kwenye pikapu hizo, hutembea karibu mita mbili na nusu kwa mzunguko mmoja. Kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka takriban mara 9 kila sekunde. Kardani, kwa kuwa difu hupunguza mizunguko mara nne hivi, yenyewe inazunguka takriban mara 36 katika sekunde hiyohiyo. Ndiyo maana kasoro ya gurudumu huja kama mpigo unaokaribia kuhesabika, unaotikisa usukani au kiti, ilhali kasoro ya kardani huja kama mngurumo mzito unaopanda kwenye sakafu na kuwasha nyayo. Mtu aliyezoea hatahitaji kifaa cha kupimia, miguu na viganja vitamwambia.

Nusu kilo ya tope

Chanzo kinachodharauliwa kuliko vyote mkoani Maniema ni tope. Gari likizama, tope linaingia ndani ya rimu, upande ule usioonekana ukisimama nje. Usiku gari linaegeshwa, tope linashuka lote sehemu ya chini ya rimu, na jua la asubuhi linaligandisha hapo. Gari linaoshwa kwa nje, linang'aa, na kuondoka na donge lake.

Fikiria jiwe lililofungwa kwenye kamba na kuzungushwa juu ya kichwa: kadiri unavyozungusha haraka ndivyo linavyouvuta mkono. Donge la tope linavuta ekseli hivyohivyo, na mvuto wake haukui sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, mvuto unaongezeka mara nne. Nusu kilo ya tope iliyoganda kwenye rimu ya inchi 16 huvuta kwa nguvu ya kilo 8 hivi gari likienda kilomita 40 kwa saa. Kwenye kilomita 80 donge hilohilo linavuta kwa nguvu ya kilo 31 hivi, likienda juu na chini mara 9 kila sekunde. Dereva hakuhisi kitu ndani ya mji, na sasa anahisi mtu anapiga gari nyundo kutoka chini.

Kuna jambo jingine linaloeleza kwa nini mtetemo wa gurudumu hupenda kasi fulani. Ekseli na magurudumu yake vimekaa kati ya mpira wa tairi kwa chini na springi kwa juu, na vina mdundo wao wa asili, aghalabu kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mizunguko ya gurudumu ikikaribia mdundo huo, vyote viwili vinasaidiana na mtikisiko unakuwa mkubwa. Baadhi ya madereva husema kwamba gari linatulia wakipita kasi ile. Hilo ni kweli, lakini donge bado lipo na bado linazichosha beringi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza gereji ni kupandisha gari kwenye jeki, kulala chini na bisibisi bapa, kukwangua ndani ya rimu zote nne, na kumalizia kwa maji. Huku ukikwangua, chunguza pia kardani kama imeshikwa na tope, waya au nyasi zilizojizungusha. Wengine wangemaliza ugonjwa hapa, bila kununua chochote.

Tairi lina historia yake

Ikiwa rimu ni safi na gari bado linatikisika, geukia tairi. Mengi yanayouzwa katika miji ya Kongo yalishatembea Ulaya au Asia kabla ya kufika, na hakuna anayejua yalivyotunzwa. Umri angalau unasomeka. Ubavuni pana namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa zee.

Kagua uvimbe. Pitisha kiganja ubavuni na juu ya meno, polepole, duara zima. Ukikuta tumbo, ujue nyuzi za ndani zimeachana, na tairi hilo halifai kusogezwa nyuma wala kufanywa la akiba. Gari lililoegeshwa miezi mingi likisubiri kipuri lina tatizo jingine: sehemu ya tairi iliyokaa chini inakuwa bapa. Ubapa mdogo huondoka tairi likipata joto baada ya mwendo, lakini wa muda mrefu hauponi.

Kisha tazama tairi lilivyokaa kwenye rimu. Karibu na ukingo wa rimu kila tairi lina mstari mwembamba ulioumbwa kwenye mpira. Umbali kati ya mstari huo na ukingo unapaswa kuwa sawa duara zima. Mahali mstari unapozama ni mahali ambapo tairi halikukaa, na litarukaruka hata likiwa jipya. Kosa hili ni la kawaida kwenye rimu za vipande, zile zenye ringi ya kufungia, ambazo hujazwa upepo kwa haraka kando ya barabara. Rimu hizo zitendewe kwa heshima, kwani ringi ikifyatuka wakati wa kujaza inaweza kumuua fundi. Upepo utolewe wote kabla ya kufungua, na wakati wa kujaza ringi ielekezwe pasipo mtu.

Kupima mviringo hakuhitaji mashine. Gurudumu la mbele likiwa hewani, simamisha kipande cha waya au msumari kwenye jiwe, ncha yake ikaribie tairi bila kuligusa. Zungusha polepole. Nafasi kati ya ncha na mpira ikifunguka na kufungika, gurudumu si duara. Sogeza ncha hadi ukingo wa rimu na urudie. Rimu ikiwa sawa, mgonjwa ni tairi. Rimu ikicheza, imepinda. Rimu ya chuma mara nyingi hunyooshwa kwa nyundo na uvumilivu.

Uzito nao unaweza kusawazishwa kwa njia ya zamani. Chagua habu ya mbele yenye beringi nzima, iweke kwenye FREE, rudisha pedi za breki nyuma zisiguse diski, na ufunge gurudumu unalotaka kulipima. Lizungushe kidogo kwa mkono na uliache lisimame lenyewe. Weka alama ya chaki chini. Rudia mara kadhaa. Chaki ikirudi chini kila mara, hapo ndipo penye uzito, na risasi ya kusawazisha inafungwa upande wa pili, juu kabisa, ikiongezwa kidogo kidogo hadi gurudumu lisimame popote bila kuchagua. Mashine ya kisasa ni bora kwa sababu hupima pia kuyumba kwa kushoto na kulia, lakini njia hii inaondoa sehemu kubwa ya mtikisiko. Tumia risasi kuukuu zilizotolewa kwenye rimu nyingine. Kuyeyusha sahani za betri kupata risasi ni kujipa sumu wewe na watoto wanaocheza jirani na gereji.

Ukiwa bado na shaka, hamisha magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mtetemo ukihama kutoka usukanini kwenda kitini, tairi au rimu imejitaja. Usipohama, acha magurudumu, nenda kwingine.

Kardani na krosi zake

Kardani ilipata jina kutoka kwa Gerolamo Cardano, daktari na mwanahisabati wa Italia aliyeishi kati ya 1501 na 1576, ingawa magari hayakuwapo kwa zaidi ya karne tatu baada yake. Kiungo chenye krosi kinachohusishwa na jina lake kina tabia moja ambayo Mwingereza Robert Hooke aliichunguza katika karne ya 17: kikifanya kazi kwa pembe hakizungushi sawasawa. Upande unaozungusha unakwenda kwa mwendo mmoja, na upande unaozungushwa unaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10 mabadiliko hayo ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Ni kidogo, lakini yakija mara 72 kwa sekunde sakafu nzima inanguruma.

Dawa yake ni kuweka krosi mbili, moja kila mwisho, ili ya pili ifute kosa la ya kwanza. Hilo linawezekana kwa masharti mawili: pembe za pande zote mbili ziwe sawa, na uma mbili zilizo kwenye kardani yenyewe zilale katika mstari mmoja. Masharti yote mawili huvunjwa kila siku kwa nia njema.

Sharti la uma huvunjwa kardani inapofunguliwa kubadilisha krosi. Katikati ina kiungo chenye meno kinachoteleza. Fundi anakitoa, anaosha, anatia grisi, na anakirudisha jino lolote. Gari linaloondoka linanguruma kuliko lilivyokuja, na lawama inaangukia krosi mpya kwamba ni bandia. Kinga yake ni alama mbili za rangi au tindo, moja kila upande, kabla ya kukitenganisha. Asiyeweka alama ainue kardani na kuitazama kwa urefu wake: uma ya mbele na ya nyuma zilingane.

Sharti la pembe huvunjwa na springi. Pikapu inabebeshwa kuliko inavyopaswa, mgongo unalala, na mwenye gari anaongeza mabapa ya springi. Mgongo unainuka, lakini pua ya difu inabadili uelekeo, na pembe za krosi hazilingani tena. Dalili yake ni ile tuliyoiahidi: gari tupu linanguruma, likipakiwa linatulia, kwa sababu mzigo unarudisha pembe karibu na pale kiwanda kilipoziweka. Kama ni kinyume, gari tupu ni zuri na lenye mzigo linanguruma, huenda springi zimechoka. Marekebisho ni vipande vyembamba vya chuma vyenye mteremko kati ya springi na ekseli, au kuondoa bapa moja na kukubali kubeba magunia machache.

Krosi iliyokufa inatambulika kwa mkono. Weka matofali kwenye magurudumu ili gari lisitembee, weka gia huru, ingia chini, shika kardani na uisukume juu, chini, na kuizungusha huku na huku. Mchezo wowote ndani ya krosi ni mchezo mwingi. Tazama pia pembeni ya vikombe vyenye sindano. Krosi iliyokauka hutoa unga mwekundu wa kutu, na katika nchi ya udongo mwekundu unga huo unajificha. Futa kwa kitambaa chenye mazuti, endesha kidogo, tazama tena. Udongo hautakuwa umerudi. Kutu itakuwa imerudi, kavu na laini kama unga.

Hilux nyingi ndefu zina kardani ya vipande viwili, na katikati pana beringi iliyoshikwa na mpira. Mpira huo ukichanika kardani inapigapiga wakati wa kuondoka, kisha inanguruma kwenye kasi. Na kardani yoyote iliyogongwa na jiwe ikabonyea, au iliyopoteza kile kibati kidogo kilichochomelewa kiwandani kwa ajili ya uzito, haitatulia. Kwa hali hiyo mafundi wengi hufunga vibana viwili vya mpira wa maji karibu na mwisho wa kardani, kisha huvizungusha kidogo na kujaribu barabarani, mpaka wapate mkao ambapo mngurumo unapungua. Ni njia halali mradi vibana vikazwe vyema na bomba lisiwe na ufa.

Usukani unapopiga

Kuna mtikisiko ambao hautaki utafiti wa polepole. Gari linakwenda 60 au 70, gurudumu moja la mbele linagonga shimo, na usukani unaanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu ambayo mikono haiwezi kuizuia. Unatokea hasa kwenye magari yenye ekseli nzima mbele, Land Cruiser za mfululizo wa 70 zikiwemo. Dereva aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani bila kupigana nao, apunguze mwendo taratibu, asimame.

Watu wengi hubadilisha shokapu ya usukani, na mtikisiko unanyamaza kwa miezi michache. Shokapu hiyo kazi yake ni kuzima mtikisiko mdogo. Ikiwa mpya inafunika kosa ambalo liko kwenye beringi za kingpini zilizolegea, viungo vya tairodi, bushi za mikono ya ekseli, au beringi za gurudumu. Gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini ulitikise, mwenzako akitazama kwa ndani ni nini kinachocheza. Kisha lishike kushoto na kulia urudie. Ukazaji wa beringi za kingpini hupimwa kwa mizani ya springi inayovuta mkono wa usukani, viungo vikiwa vimetenganishwa, na mizani ya kuning'iniza ya sokoni inaweza kufanya kazi hiyo. Kipimo chenyewe kipo katika kitabu cha huduma cha gari husika.

Na kabla ya yote haya, nati za magurudumu. Mtetemo ulioanza ghafla, unaoongezeka hata kwenye mwendo mdogo na kuambatana na mlio wa kugongana, unaweza kuwa gurudumu linalotaka kutoka. Simama hapohapo. Nati zikazwe kwa kuvuka, ya huku kisha ya kule, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 au 100 kila gurudumu linapovuliwa. Rangi au kutu kati ya rimu na habu huzuia nati kukaa, pafutwe kwanza.

Kipuri kinachosafiri kwa reli

Yote haya yangekuwa na uzito mdogo kama duka la vipuri lingekuwa mtaa wa pili. Kindu ni mji wa mto na reli. Kwa kaskazini meli zinashuka Lualaba hadi Ubundu, na kutoka hapo reli ya kilomita 125 ilijengwa kuyakwepa maporomoko hadi Kisangani. Kwa kusini reli inapita Kibombo, Kongolo na Kabalo kuelekea Kamina na Lubumbashi. Pale Kabalo inapokea tawi la kutoka Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kigoma. Ramanini, krosi inaweza kutoka Dar es Salaam ikafika Kindu kwa treni na meli. Kwa saa ya ukutani ni jambo jingine, kwani treni huchukua siku nyingi na ratiba haimngoji mtu. Mashariki nako mambo yalibadilika Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, na njia zilizozoeleka za bidhaa zikavurugika.

Katika hali hiyo, kununua krosi, tairi na shokapu kwa kubahatisha ni anasa. Hata hivyo desturi ya gereji nyingi ni kutoza kipuri na kazi ya mikono. Saa nzima ya kuendesha gari, kubadilisha gia, kukwangua tope na kutazama ncha ya msumari haiandikwi popote, kwa hiyo fundi anaiacha. Anajua mteja atauliza: umebadilisha nini? Akijibu kwamba hajabadilisha kitu, hatalipwa.

Wenye magari ndio wanaoweza kuigeuza desturi hii. Mwenye pikapu aseme mapema kwamba atalipia uchunguzi, gari lipone au lisipone, kipuri kinunuliwe au kisinunuliwe. Naye alete taarifa kamili: kasi gani, gia gani, mzigo kiasi gani, usukani au kiti, lilianza lini na lilifanyiwa nini wiki ile. Mashirika yenye misafara yaiingize saa hiyo kwenye bajeti ya matengenezo, kwa jina lake. Fundi aliyelipwa kwa kutafuta hatakuwa na sababu ya kuuza kipuri ambacho hakikuhitajika, na siku atakapoagiza krosi kutoka Lubumbashi, mwenye gari ataisubiri akijua kwamba ni hiyo krosi inayohitajika.